Vitabu vya ndoa za mitala za Wamormoni: tuulize kwanza mwandishi ametoka kundi gani

Wasomaji wengi wanaoniomba niwaelekeze kwenye vitabu vinavyohusu ndoa za mitala za Wamormoni huwa wamekwisha kusoma Under the Banner of Heaven, kitabu cha Jon Krakauer cha mwaka 2003. Kimeandikwa kwa ufundi mkubwa, lakini simshauri mtu aanzie hapo. Kiini chake ni mauaji ya mama mmoja na mtoto wake mchanga yaliyotokea Utah mwaka 1984, na kwa kuwa mwandishi anayatumia mauaji hayo kuieleza dini nzima tangu kuasisiwa kwake, anayekisoma peke yake huishia kudhani kwamba mitala na umwagaji damu haviachani. Mimi, ninayefundisha historia ya dini za Marekani, huwasisitizia wanafunzi wangu waulize jambo moja kabla ya kukiamini kitabu chochote katika uwanja huu: mwandishi ametoka kundi gani, na alikuwa na nafasi gani ndani yake?

Makundi ni mengi. Joseph Smith, mwasisi wa dini ya Wamormoni, aliandikisha ufunuo kuhusu wake wengi mwaka 1843 huko Nauvoo, Illinois, na wafuasi wake wakautangaza hadharani mwaka 1852, wakiwa wameshahamia Utah. Mwaka 1890, baada ya sheria za Marekani kuwapeleka wanaume jela na kuruhusu mali za kanisa zitaifishwe, rais wa kanisa Wilford Woodruff alitoa Ilani ya kuachana na desturi hiyo. Leo muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo kanisa kuu la Wamormoni, anayeoa mke wa pili hutengwa na kanisa. Wafundamentalisti ni warithi wa wale waliokataa kuiacha, nao wenyewe waligawanyika.

Kundi la wafundamentalisti lililoandikwa zaidi ni FLDS (kifupi cha Kiingereza cha Kanisa la Kifundamentalisti la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho), lenye makao ya kale Short Creek, mpakani mwa Utah na Arizona. Escape ya Carolyn Jessop (2007) na Stolen Innocence ya Elissa Wall (2008) vyote vinatoka huko, na hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu sisi tunaujua uke wenza na ni rahisi kudhani tunausoma tena. Kwetu mume ndiye anayeposa, kuna mahari na kuna wazee wa pande mbili. Sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inazitambua ndoa hizo, na Mwislamu anajua kikomo ni wake wanne. Katika FLDS nabii, yaani kiongozi mkuu wa kundi, ndiye aliyekuwa akiamua nani aolewe na nani, mara nyingi kwa taarifa ya siku chache tu, na ni mke wa kwanza peke yake aliyetambuliwa na serikali. Jessop aliolewa akiwa na miaka 18 na mwanamume wa miaka 50, akawa mke wake wa nne. Wall alikuwa na miaka 14 tu alipoozwa binamu yake. Tena nabii aliyetoa mke aliweza kumnyang'anya mume huyo mke pamoja na watoto na kuwapa mwanamume mwingine, ikiwa mume angeonekana amepoteza ustahili. Anayeelewa jambo hili ataelewa kwa nini katika vitabu hivi hofu kubwa haimhusu mke mwenza bali simu inayotoka kwa nabii, na kwa nini nabii wao Warren Jeffs, anayetumikia kifungo cha maisha Texas tangu mwaka 2011, aliweza kuendelea kutoa amri akiwa gerezani.

Hayo yote hayapaswi kuhamishiwa kwa kila mfundamentalisti. Dorothy Allred Solomon, mtoto wa 28 kati ya 48, aliandika In My Father's House (1984) kuhusu baba yake Rulon Allred, tabibu aliyeongoza kundi jingine na kuuawa kliniki kwake mwaka 1977 kwa amri ya Ervil LeBaron, kiongozi wa kundi hasimu la wafundamentalisti. Ni mwandishi ninayempenda kuliko wote, kwa kuwa anampenda baba yake bila kuficha gharama waliyoilipa wake na watoto waliokuwa wakihamishwa na kufichwa wasikamatwe na polisi. Katika The Sound of Gravel (2016), Ruth Wariner anatupeleka Colonia LeBaron, makazi ya wafundamentalisti katika jimbo la Chihuahua nchini Meksiko, ambako tatizo la kila siku ni umaskini: mama yake alikuwa akivuka mpaka kwenda kuchukua msaada wa serikali ya Marekani ili watoto wapate kula.

Kwa historia ya mwanzo, In Sacred Loneliness ya Todd Compton (1997) inasimulia maisha ya wake 33 wa Joseph Smith, mmoja baada ya mwingine. A House Full of Females ya Laurel Thatcher Ulrich (2017) imejengwa juu ya shajara na barua za karne ya 19, nayo inakabili swali gumu: kwa nini wanawake wa Utah walikusanyika Januari 1870 kuitetea ndoa ya mitala, na mwaka huohuo wakapata haki ya kupiga kura?

Waliobaki ndani huandika kwa nadra, na sababu iko wazi. Julai 1953 serikali ya Arizona ilivamia Short Creek na kuchukua watoto zaidi ya 200. Martha Sonntag Bradley ameliandika tukio hilo vizuri katika Kidnapped from That Land (1993). Waliokulia katika kumbukumbu hiyo walijifunza kunyamaza. Voices in Harmony, kitabu cha mwaka 2000 chenye ushuhuda wa wanawake wanaoitetea ndoa yao, ni cha lazima kwa anayetaka kusikia upande huo, hata kama, kama mimi, hatakubaliana nao. Mwaka 2020 Utah ilipunguza adhabu ya mitala baina ya watu wazima walioridhiana ikawa kosa dogo, kwa hiyo natarajia sauti za aina hiyo ziongezeke.

Wanaoandikwa kidogo kuliko wote ni wavulana. Wazee wachache wanapopewa wake wengi, vijana wa kiume huwa wamezidi, na mamia yao walifukuzwa FLDS kwa makosa kama kusikiliza muziki au kuzungumza na wasichana, wakaachwa mijini bila elimu wala ndugu wa kuwapokea. Lost Boy ya Brent Jeffs (2009), mpwa wa Warren Jeffs, ndicho kitabu ninachowapa wanafunzi wanapouliza habari zao.