Githeri si chakula cha shida

Wengi wetu Nairobi tumekua tukiambiwa githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ni chakula cha shule na cha shida, nguvu iko kwenye nyama. Sivyo. Protini hujengwa kwa asidi amino: mahindi yana upungufu wa moja iitwayo lisini, maharagwe yana upungufu wa nyingine, methionini. Yakiliwa pamoja, kila moja huziba pengo la mwenzake na mwili ukapata protini kamili. Tena ng'ombe akicheua hutoa methani, gesi inayoipasha dunia joto, ilhali maharagwe, yakisaidiwa na bakteria wa mizizini, huvuta naitrojeni kutoka hewani, yakajipatia mbolea yenyewe. Kinachomaliza makaa ni kuchemsha mahindi na maharagwe hayo, basi yaloweke usiku kucha yaive upesi. Ukipita soko la Marikiti, ongeza fungu la managu, mboga ya majani. (Nyama choma ya Jumapili sijaikataza.)