Kabla Sinia Halijafika Mkekani

Ukitaka kujua kama mtaa bado una watu, usiende kwenye shughuli saa saba mchana pilau inapopakuliwa. Nenda usiku wa kuamkia, saa nne au saa tano, nyuma ya nyumba, pale chini ya turubai ambapo akina mama wamekaa kwenye mikeka na vigoda wakimenya vitunguu. Macho yanatoka machozi, midomo haifungi. Mtoto wa fulani hajaonekana shule wiki ya pili. Mzee wa nyumba ya kona chakula hakimpandi. Kijana aliyerudi kutoka Muscat anatafuta pa kushika. Ikifika saa nane usiku, mzee wa kona ameshapangiwa nani atampelekea uji na lini. Hakuna kikao cha mtaa kinachokusanya taarifa na kuzifanyia kazi kwa kasi hiyo, na nasema hivyo mimi ambaye nalipwa mshahara kuandaa vikao.

Kazi yangu ni maendeleo ya jamii. Nimekaa na vikundi vya akina mama vya huku pwani miaka mingi, na jambo moja limenikaa: sisi husifia mno kula pamoja. Kula pamoja hata wageni wa hotelini wanakula pamoja, wakaondoka bila kujuana majina. Mtaa huungwa jikoni. Anayepika na wenzake amepewa kazi, ameaminiwa kitu cha watu, na siku ya shughuli yake anajua nani watakuja kumlipa kwa mikono yao.

Chukua pilau ya gunia moja la mchele, kilo 50. Mpishi mzoefu hahesabu watu, anahesabu masinia: kilo moja ya mchele ni masinia mawili, kila sinia watu wanne. Gunia hilo basi ni masinia mia moja, watu 400. Kuna wanaochambua mchele, mawe huku na chuya kule. Kuna wanaotwanga bizari nyembamba, iliki na pilipili manga, na kuna vijana wa kuchanja kuni na kuchota maji. Kwenye shughuli kubwa, jungu la pilau mara nyingi hupewa mwanamume aliyeitwa kwa sifa yake, na mwiko wake mrefu kama kasia. Mchele ukishanywa maji, moto wa chini unapunguzwa, makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Katika purukushani yote hiyo chumvi hutiwa na mtu mmoja tu. Niliwahi kuuliza kwa nini, nikajibiwa na bibi mmoja bila hata kuinua kichwa: "Ikizidi, tujue wa kumuuliza." Nimefundisha utawala bora kwa slaidi arobaini na sikuwahi kulisema jambo hilo vizuri kuliko yeye. Wahenga nao walikwisha kusema, nahodha wengi chombo huenda mrama.

Ubunifu wa kijamii ni neno ambalo siku hizi huja na projekta na chai ya saa nne. Maana yake ni ndogo kuliko kelele zake: watu wamebadilisha namna wanavyoshirikiana, na shida iliyowashinda mmoja mmoja ikapungua. Ukilipima kwa kipimo hicho, kikundi cha kufa na kuzikana chenye masufuria yake ni ubunifu kamili, tena usiosubiri mfadhili.

Kimoja ninachokifahamu kilianza na mchezo, ule wa kupeana fedha kwa zamu. Akina mama walikubaliana kwamba mzunguko wa mwisho hautakwenda kwa mtu, utanunua sufuria kubwa. Baadaye yakaongezeka masinia, kisha turubai. Mwanachama mwenye msiba au harusi anavichukua vyombo bure, asiye mwanachama anakodi. Fedha za kukodi zinaingia kwenye sanduku, na sanduku linakopesha. Mwenye mgonjwa anapata nauli ya hospitali usiku huohuo. Kila chombo kina alama ya rangi nyekundu ya kucha upande wa chini, maana sahani za watu wote duniani zinafanana. Daftari linaeleza nani kachukua nini, nani karudisha, na kijiko gani hakijaonekana tangu Mfungo Sita. Daftari hilo ndilo lililowafundisha baadhi yao kutunza hesabu. Kabla yake hakuna aliyekuwa amewapa sababu ya kuandika namba.

Mbali na kwetu, jiko la pamoja limewahi kubeba mzigo mzito zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika vitongoji maskini vya Lima, mji mkuu wa Peru, kama Comas na El Agustino, wanawake walianza kuchanga mchele, mafuta na kuni, wakapika kwa zamu kwenye jiko moja badala ya kila mtu kuhangaika kwake. Walinunua kwa jumla, bei ikashuka. Chakula kiliuzwa kwa fedha kidogo ya kurudisha gharama, na familia zenye mgonjwa au zisizo na kitu zikala bila kulipa. Kwa Kihispania huitwa comedores populares, yaani majiko ya wananchi. Agosti 1990, serikali mpya ya Alberto Fujimori ilipoachia bei zikapaa kwa usiku mmoja, majiko hayo yalikuwa tayari yapo na watu wake wanajuana, kwa hiyo yaliongezeka kwa kasi. Mwaka uliofuata, sheria namba 25307 ikayatambua na kuyataka yasaidiwe. Ugonjwa wa Uviko-19 ulipofunga miji mwaka 2020, wakazi wa milima inayouzunguka mji huo walirudia jambo lilelile kwa jina la ollas comunes, vyungu vya pamoja, nayo yakapata sheria yake mwaka 2022.

María Elena Moyano, kiongozi wa shirikisho la wanawake wa Villa El Salvador, kusini mwa Lima, aliongoza wanawake waliokuwa wakiendesha majiko hayo na mpango wa maziwa ya watoto. Kundi la waasi la Sendero Luminoso lilimuua tarehe 15 Februari 1992, akiwa na miaka 33. Huwa najiuliza watu wenye bunduki walikuwa wanaogopa nini kwa mwanamke wa jikoni. Nadhani walijua kwamba wanawake waliokwisha kuzoea kugawana zamu, kutunza fedha na kuhojiana hadharani hawachukuliki kirahisi na yeyote, si waasi wala serikali.

Na kama Lima ni mbali, pita Makindu. Ukiwa kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, enzi za watu wa reli, linampa msafiri yeyote chapati na dengu bila kumuuliza dini wala nauli. Aliyekula akitaka huacha chochote sandukuni.

Sasa tusijidanganye. Jiko la pamoja lina dhuluma zake, na nyingi zinamwangukia mwanamke asiye na kitu. Mwenye fedha anatuma mchango kwa simu na kufika saa saba amejipulizia udi. Asiye nazo anachangia usiku wake mzima na mapafu yake. Kuna wanaokaa mkekani kila shughuli na kuna ambao hawajawahi kukaa kwenye moshi hata mara moja, nao wote huitwa "wanakikundi". Ndiyo maana siwalaumu wanaoita keta, yaani mpishi wa kukodi. Keta ni kazi halali na inaajiri vijana wengi. Ninachokisema ni kwamba unapomlipa keta umenunua chakula, usidhani umenunua na watu wa kukuzikia. Baadhi ya vikundi vimepata dawa ya dhuluma hii: zamu zinaandikwa kwa majina, anayeshindwa kufika analipa kiasi kilichokubaliwa, na fedha hiyo anapewa aliyekesha kwa niaba yake. Kuna kimoja kimeingiza na waume kwenye zamu ya kuchota maji na kuosha vyombo. Mwezi wa kwanza walicheka sana. Mwezi wa tatu aliyekuwa akicheka alikuwa anaulizia zamu yake imehamishiwa siku gani.

Kuhusu moto, sufuria kubwa lina faida ambayo wengi hawaihesabu. Chukua masufuria mawili ya umbo moja, la pili likiwa mara mbili ya la kwanza kwa upana na kwa kimo. Hilo kubwa linabeba chakula mara 8, lakini bati linalopoteza joto limeongezeka mara 4 tu. Kwa hiyo joto linalopotea kwa kila sahani linakaribia nusu. Kupika mara moja kwa watu mia ni kuokoa kuni nyingi kuliko meko ishirini kuwashwa nyumba kwa nyumba. Ila mafiga matatu nje yanapeleka joto jingi kwa upepo, na moshi kifuani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, hasa itokanayo na kupikia, iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Tanzania imejiwekea mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya wananchi waitumie ifikapo mwisho wake. Ushauri wangu ni kwamba jiko la gesi la kuhimili sufuria kubwa au jiko banifu ni mzigo kwa kaya moja, lakini kwa kikundi chenye sanduku ni jambo la miezi michache. Chombo cha pili cha kikundi kiwe jiko, kabla ya viti vya plastiki.

Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nimeshuhudia shughuli ikageuka foleni ya zahanati. Wali na pilau vina kijidudu chake, Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Chakula kikiachwa vuguvugu, zinachipua na kutoa sumu inayotapisha ndani ya saa chache, na sumu hiyo ukiipasha moto tena haiondoki. Pilau iliyoepuliwa alfajiri na kuliwa baada ya swala ya adhuhuri imekaa muda wa saa saba au nane. Ikiwa imekaa juu ya makaa, moto mkali, zaidi ya nyuzi 60, hakuna tatizo. Ikiwa imeepuliwa na kufunikwa kwa shuka, hapo pana hatari. Chakula kilichopikwa kisikae hivyo zaidi ya saa mbili. Afadhali mchele uingie sufuriani umechelewa, wageni wasubiri kidogo wakinywa kahawa. Kinachobaki cha kupelekwa nyumbani kigawanywe mapema kwenye masinia mapana kipoe haraka, na kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili hizohizo. Anayeharisha au mwenye kidonda kibichi mkononi asishike nyama, mpeni daftari.

Vikundi vipya hunijia vikitaka katiba, mhuri na akaunti ya benki. Vyote hivyo vina wakati wake. Mimi huanza kwa kuuliza: baada ya watu kula na kuondoka, nani ataosha masufuria? Kikundi kimoja kilinyamaza kwa muda mrefu sana, wakitazamana. Kisha mama mmoja akasema ataosha yeye, kwa sharti ukoko uwe wake. Mwenzake akaruka juu: ukoko ugawanywe! Walibishana karibu nusu saa, wakapiga kura, wakaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: ukoko ni wa waosha vyombo, sawa kwa sawa, na watoto waliosaidia wahesabiwe.