Skrini ya gari lako: ramani muda wote, TV gari likiwa limesimama

Magari mengi madogo yanayotembea Mwanza, kuanzia IST za teksi hadi Alphard zinazopeleka wageni uwanja wa ndege, yalitumika Japani kabla ya kufika kwetu. Ukiwasha, sauti ya kike inaongea Kijapani. Mara nyingi inakukumbusha kwamba hujaingiza kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kulipia za huko. Katikati ya dashibodi kuna skrini yenye maandishi ya Kijapani, na mwenye gari anakuja kwa fundi na maswali mawili: ramani itafanya kazi? Na TV itashika? Sisi tunaofundisha umeme wa magari chuoni tunaulizwa hayo mara kwa mara. Majibu yake hayafanani, kwa sababu nyuma ya skrini hiyo moja kuna vifaa viwili vinavyofanya kazi tofauti kabisa.

Tuanze na ramani. Kipokezi cha GPS kinasikiliza setilaiti za Marekani zinazoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kila setilaiti inatangaza saa yake na mahali ilipo. Kipokezi kikizisikia angalau nne, kinakokotoa chenyewe mahali gari lilipo, na anga likiwa wazi kinakosea kwa mita chache tu. Huduma hiyo ni bure, haidai laini ya simu wala bando, na setilaiti haina habari kwamba wewe upo. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaoogopa kuwasha ramani wakidhani setilaiti inawafuatilia. Kinachoweza kukufuatilia ni kifaa chenye laini ya simu, kinachomtumia mtu mwingine taarifa za mahali ulipo.

Kwa hiyo kipokezi kilichotoka Japani kinazisikia setilaiti hapa Buzuruga sawasawa na kilivyozisikia Osaka. Tatizo ni ramani yenyewe. Diski au memori kadi iliyomo ina barabara za Japani tu, na mshale wa gari lako unabaki mahali pasipo na barabara hata moja. Saa nayo mara nyingi inasoma saa sita mbele: hapa ni saa moja asubuhi, skrini inaandika 13:00. Halafu kuna jambo la betri. Baadhi ya mashine hizi, zikikatiwa umeme, hudai diski ya ramani au namba ya siri ndipo ziwake tena. Kabla hujafungua waya wa betri, hakikisha unayo diski hiyo au namba hiyo, la sivyo utapoteza hata redio.

Wengi hatimaye wanaing'oa na kufunga redio ya Android. Ni uamuzi ninaouunga mkono, mradi ramani ipakuliwe kabisa kwenye kumbukumbu ya mashine ili isitegemee mtandao ukiwa porini, na iwe inahuishwa. Mfano uko mlangoni petu. Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi kwa urefu wa kilomita 3 hivi, lilifunguliwa Juni 2025. Ramani ya zamani inaweza isilijue: itakupeleka hadi ukingoni ikikutaka usubiri kivuko, au itakuzungusha kupitia Shinyanga na Kahama ili ufike Geita. Na kwenye vilima vyetu vya mawe, Mabatini, Igogo au Isamilo, mstari unaoonekana kama barabara unaweza kuishia kwenye ngazi. Hapo amini macho yako.

Angalia pia antena ya GPS, kile kiboksi cheusi kidogo chenye waya mrefu. Mafundi wengi hukisukuma nyuma ya redio ili kisionekane, kikafunikwa na chuma, kisha mteja analalamika kwamba mshale unarukaruka. Mahali pake ni juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele. Kama kioo kina tinti yenye madini, mawimbi yatapungua hata hapo.

Sasa TV. Japani inarusha matangazo ya dijitali kwa mfumo wa ISDB-T, na analojia yao waliizima sehemu kubwa ya nchi Julai 2011. Sisi tunatumia DVB-T2, na analojia ya Mwanza ilizimwa 2013. Kwa hiyo TV iliyomo kwenye gari la Kijapani, iwe ya zamani au mpya, haitashika Star TV wala TBC hata ukitafuta chaneli mpaka kesho. Fundi anayekuambia ataipata kwa kubadilisha antena tu anakula hela yako.

Kinachowezekana ni king'amuzi kidogo cha gari cha DVB-T2, kinachounganishwa na skrini kwa waya za picha na sauti: wa njano picha, mwekundu na mweupe sauti. Skrini lazima iwe na matundu ya kuingizia waya hizo, na si zote zinayo. Dishi halifai kwa gari linalotembea, kwa kuwa setilaiti za TV zimetulia mahali pamoja angani, kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, na dishi lazima lizielekee bila kuyumba. Hata hicho king'amuzi cha DVB-T2 kitakatika ukipita nyuma ya mlima. Picha ya dijitali haitoi chenga, inaganda vipande vipande kisha inakuwa nyeusi, na dereva anaanza kuichungulia kila mara aone kama imerudi.

Kuna waya mmoja ambao ningependa kila mwenye gari aujue. Nyuma ya mashine hizi upo waya unaokwenda kwenye swichi ya breki ya mkono. Ukivuta breki, swichi inaufikisha kwenye bodi ya gari, yaani hasi, na mashine inaelewa gari limeegeshwa: inaruhusu picha. Ukiachia, picha inakatika na sauti inabaki. Mtengenezaji aliuweka kwa makusudi. Anachofanya fundi ukimwomba TV iendelee kuonyesha safarini ni kuukata na kuuunga moja kwa moja kwenye bodi, ili mashine idhani gari limeegeshwa siku zote. Ni kazi ya dakika chache na bei yake ndogo, ndiyo maana imeenea sana.

Kwenye baadhi ya magari picha huzuiwa na waya wa taarifa za mwendo. Fundi akiukata huo, ramani nayo inaharibika, maana mashine hutumia mwendo wa magurudumu kusogeza mshale pale setilaiti zinaposikika vibaya. Mteja anaondoka na TV, anarudi akidai GPS ni mbovu.

Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Ukitazama goli likirudiwa kwa sekunde mbili, umepita mita 28 bila kuiona barabara. Jaribu kuzifikiria mita hizo kwenye barabara ya Musoma pale Nyakato jioni, bodaboda zikikata kushoto na kulia na mama akivuka na ndoo ya dagaa kichwani. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inahesabu kuendesha bila uangalifu kuwa kosa. Uingereza wamekwenda mbali zaidi: kanuni zao za 1986 zinakataza skrini inayoonwa na dereva kuonyesha chochote kisichohusu uendeshaji. Siku ya Simba na Yanga, dereva asikilize mpira redioni. Abiria wa nyuma wawekewe skrini yao nyuma ya viti, isiyoonekana kutoka kwenye usukani.

TV ya gari ina mahali pake halali, kwa mfano ukiwa kwenye foleni ya kivuko Kisorya ukienda Ukerewe. Washa injini mara moja moja, kwa sababu skrini na king'amuzi vinakula betri kimyakimya. Gari likishaingia kivukoni, zima na ushuke.

Kabla ya kumlipa fundi, au unapolikagua gari kwenye yadi (mengine yanafika yakiwa yameshachezewa), egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uwashe TV. Kisha kanyaga breki ya mguu, achia ya mkono taratibu, na utazame skrini. Ikikata picha, waya wa breki ya mkono uko salama. Ikiendelea kuonyesha, na gari si la aina inayozuia picha kwa waya wa mwendo, mwambie afungue redio na akuonyeshe ameuunga wapi, na usitoe hela mpaka aurudishe kwenye swichi yake.