Wakishasaini, bado

Juzi nilikuwa Kibirizi nasubiri boti ya Kagunga. Mama mmoja muuza dagaa, aliposikia nashughulika na bajeti za miradi ya wafadhili, akaniuliza: "Hivi mwanangu, huko Marekani mwenye kutoa ni nani hasa?" Watu wengi hapa Kigoma, tuliozoea kuona magunia ya msaada yakienda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tunadhani kuna bwana mmoja mwenye funguo. Hayupo.

Sheria zenyewe ni za aina mbili. Ya kwanza huruhusu msaada utolewe, ya pili hutenga fedha. Sheria ya Misaada ya Nje ya mwaka 1961 ni ya kuruhusu. Ile ya mwaka 2003 iliyozaa PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI, nayo iliruhusu dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo. Lakini kuruhusiwa si kulipwa. Bunge lao lazima litenge fedha upya kila mwaka, na hapo ndipo nimeona mameneja wa miradi wakipigwa butwaa: wamesoma tangazo la sheria ya kwanza, wameajiri watu.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye kamati ndogo za matumizi. Tunazozisikia redioni ni hotuba tu, tarakimu zilishapangwa. Mwaka wao wa fedha huanza Oktoba 1, wetu Julai 1. Wakichelewa, hupitisha muswada wa muda unaoendeleza viwango vya mwaka uliopita, na mradi mpya kwa kawaida hukaa benchi.

Bunge lao lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, Seneti 100, na yote mawili lazima yapitishe maneno yale yale. Kwenye Seneti, miswada mingi huhitaji kura 60 ili mjadala ufungwe. Kisha Rais ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akikataa, theluthi mbili ya kila upande zinaweza kumshinda.

Mfano ninaoupenda ni wa 2024. Februari, Seneti ilipitisha furushi la dola bilioni 95 hivi kwa Ukraine, Israeli na Taiwan, pamoja na misaada ya kibinadamu, kwa kura 70 dhidi ya 29. Wawakilishi wakalikalia. Aprili 20 wakafanya kama garimoshi letu linavyofanywa Tabora, mabehewa ya Mwanza yanapokatwa na ya Kigoma yakaendelea: walipiga kura mara nne, kila kipande peke yake, ili mjumbe anayeichukia Ukraine aipigie Israeli kura bila aibu. Tofauti ni kwamba wao waliyaunga tena mabehewa, yakawa muswada mmoja. Seneti ikapitisha Aprili 23, Rais Biden akasaini kesho yake.

Nilimweleza mama hayo yote, naye akauliza kama sasa fedha zimefika. Nikamwambia habari ya 2025. Kwa sheria ya mwaka 1974, Rais anaweza kuliomba Bunge lifute fedha lililokwisha kuzitenga, na Seneti hapo haihitaji kura 60, wingi wa kawaida unatosha. Julai 2025 zilifutwa dola bilioni 9 hivi, takriban 8 zikiwa za misaada ya nje. Seneti ilipitisha kwa 51 dhidi ya 48.

"Kwa hiyo wakishasaini, bado?"

"Bado, mama."

Akafunika dagaa wake. Boti ilikuwa imeshafika.