Huyo mtu kwenye picha ya zamani hakuwa wa njano, ni vanishi

Watu wengi wakisimama mbele ya picha ya mtu iliyochorwa miaka 300 iliyopita utawasikia wanasema huyu mama alikuwa anaumwa nini mbona wa njano hivi. Hapana jamani, hiyo ni vanishi. Wachoraji walikuwa wanaipaka juu ya rangi ya mafuta ili ing'ae na kuilinda, sasa ikizeeka inageuka njano halafu kahawia, yaani unamwangalia mtu kupitia kioo cha taa kilichoshika moshi.

Kuitoa sio kazi ya kukimbilia. Sisi tunaotengeneza picha za zamani tunaanza na uchafu wa juu, unachukua kijiti unakizungushia pamba unalowesha na mate, ndio mate yako mwenyewe, yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu, halafu unaiviringisha taratibu, husugui. Pamba inakuwa nyeusi, unatupa unachukua nyingine. Ukifika kwenye vanishi ndo unatumia dawa ya kuiyeyusha, na unaijaribu kwanza pembeni sehemu ndogo kama punje ya mchele huku unaangalia kwa maikroskopu. Pamba ikirudi na wekundu wa shavu unaacha palepale, maana hiyo sio vanishi tena, ni mkono wa mchoraji.

Na huo wekundu ndo unaoniuma sana. Rangi nyingi nyekundu za zamani zilitoka kwa wadudu na mimea, mwanga unazila. Joshua Reynolds wa Uingereza, karne ya 18, alizitumia sana na nyuso alizochora zikaanza kupauka yeye mwenyewe akiwa bado hai. Hapo hakuna dawa, na sisi haturudishii, tukipaka wekundu wetu tutakuwa tumechora mtu mwingine. Tunachoweza ni kupunguza taa ili isiendelee.

Vipimo navyo vinasaidia sana. Mwanga wa ultravayoleti unafanya vanishi ya zamani ing'ae kijani na viraka vya rangi vilivyopakwa juzijuzi vinabaki vyeusi, eksirei inazuiwa na rangi nyeupe ya risasi kwahiyo unaona mchoraji alipobadilisha mkono au pua. Yule msichana wa hereni ya lulu aliyechorwa na Vermeer, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17, mwaka 2018 makumbusho ya Mauritshuis huko Uholanzi walimpima bila kumgusa, wakakuta ana kope ambazo kwa macho hazionekani kabisa, na lile giza nyuma yake lilikuwa pazia la kijani, ila nili, ile rangi ya buluu, na njano ya mmea alizotumia zimebadilika na miaka.

Kama una picha ya zamani nyumbani usiisugue na kiazi wala mkate wala sabuni kama watu wanavyofundishana, maji yakipita kwenye nyufa turubai, yaani kile kitambaa kilichochorewa, inavimba inasinyaa na rangi inabanduka. Ikishaanza kubanduka ilaze chali, usiifute hata vumbi, vipande vilivyodondoka viweke kwenye bahasha, hata kile kidogo kabisa, tutakitafutia mahali pake.