Mimea ya bwawa yenye sumu kwa paka: maana yake hasa

Mmea ukitajwa kuwa una sumu kwa paka, wengi huelewa kwamba paka akiutafuna atakufa. Kwa mimea inayoota majini, mara nyingi sivyo. Neno "sumu" hapa limebeba mambo mawili tofauti: kuna mmea unaomuumiza paka mdomoni, na kuna unaomharibia figo. Wa kwanza utaujua papo hapo, maana paka mwenyewe atakuonyesha. Wa pili huanza kimyakimya, na ajabu ni kwamba mara nyingi haumo majini; umepandwa ukingoni.

Kundi la kuumiza ndilo lenye mimea mingi, na watu wa huku tunalijua bila kulisoma popote. Aliyewahi kumenya magimbi, au nduma kama wasemavyo Kenya, anajua yanavyowasha mikono. Kinachowasha zaidi ni fuwele za oksalati ya kalsiamu. Zimo kwenye jani, shina na kiazi, zimefungwa mafungumafungu ndani ya seli kama sindano, nyembamba kiasi cha kuhitaji hadubini kuziona. Jino likipasua seli, sindano huchomoka na kuingia kwenye ulimi, fizi na koo. Sisi huyachemsha magimbi mpaka yaive sawasawa. Paka hulitafuna jani bichi.

Ukoo wa magimbi umetoa mapambo mengi ya bwawa. Lile ua jeupe lenye umbo la faneli na kijiti cha njano katikati, linalopendwa sana kwenye harusi, ni Zantedeschia, mmea wa asili ya kusini mwa Afrika unaopenda udongo wenye majimaji. Pistia, inayoelea huku majani yake ya kijani hafifu yakiwa na vinyweleo, ni wa ukoo huohuo. Gugu maji la Ziwa Viktoria si wa ukoo huo, lakini nalo lina fuwele za oksalati.

Paka aliyechomwa na sindano hizi huacha kutafuna ghafla. Hutikisa kichwa, mate humchuruzika, hujipangusa mdomo kwa mguu wa mbele, na huenda akatapika au akakataa chakula. Maumivu ndiyo yanayomwokoa, kwa sababu ni nadra aendelee kula hadi kiasi cha kumdhuru sana. Mfute mdomo kwa kitambaa kilicholowa maji safi na mpe maziwa kidogo au mtindi. Usimlazimishe kutapika, kwani koo litachubuka mara ya pili. Wala usimpe panadoli kwa huruma: ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo ipasavyo, na kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Ukiona ulimi umevimba au anahema kwa shida, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja.

Fuwele hizi haziyeyuki majini, kwa hiyo paka anayekunywa kwenye bwawa lenye magimbi hajanywa sumu ya magimbi. Maji ya kuogopa ni yale yaliyotanda utando wa kijani unaonuka, wa aina inayoonekana Ghuba ya Winam karibu na Kisumu. Huo hutokana na bakteria wa kijani-buluu, ambao baadhi yao hutoa sumu inayoshambulia ini. Hata paka asiyekunywa, akilowa kisha akajilamba manyoya, ameshaimeza.

Sasa lile kundi la figo. Hapa wahusika ni lili halisi, Lilium, yale maua makubwa yenye harufu kali yanayouzwa kwenye mashada, pamoja na Hemerocallis, ambayo kila ua lake huchanua siku moja tu. Hemerocallis hupandwa sana kandokando ya mabwawa. Kila sehemu ya mimea hii ni hatari: jani, petali, hata maji ya chombo yalimokaa maua ya Lilium. Chavua yake ndiyo mtego hasa. Paka hupita tu, unga wa rangi ya kutu unabaki ubavuni, na jioni anajilamba kama kawaida yake. Kutapika huanza ndani ya saa chache, kisha anaweza kutulia ukadhani amepona, kumbe figo zinakufa. Siku ya kwanza hadi ya tatu huacha kufanya kazi. Akitundikiwa dripu ndani ya saa 18 hivi tangu aimeze sumu hiyo, anayo nafasi nzuri ya kupona. Mbwa akila lili hizo huumwa tumbo, lakini figo zake hazipatwi na balaa hilo.

Yungiyungi, lenye majani mapana yaliyolala juu ya maji, huingizwa kwenye lawama hii bure, kwa sababu tu Kiingereza huliita "water lily". Si jamaa ya lili na halina sumu hiyo ya figo. Anayeling'oa bwawani akaacha Hemerocallis ukingoni amemwondoa asiye na kosa.

Kwa mwenye paka anayetaka kijani cha kudumu kando ya maji, mimi ningepanda mafunjo. Jamaa yake mmoja wa jenasi hiyohiyo ya Cyperus huuzwa Ulaya kwenye vyungu makusudi kwa ajili ya paka wa ndani kutafuna. Watakuharibia ncha za majani, na mara mojamoja utafuta matapishi sakafuni.