Kuandika skripti ya TV huku una kazi na familia: tunayoaminishwa na hali halisi

Watu wanaotaka kuandika tamthilia nawasikia kila siku na maneno ni yale yale, nikipata muda, nikiacha kazi, nikinunua laptopu, na wengi wao wana stori nzuri kweli kweli ambazo zinazeekea kichwani. Naongelea skripti za kujiandikia mwenyewe, zile ambazo hakuna chaneli wala prodyuza aliyekuagiza, Wamarekani wanaziita speki, yani unaandika kwanza halafu ndo unatafuta wa kumuonyesha. Mimi ni mhasibu hapa Dar, nina mke na watoto, na naandika. Haya maneno nataka niyapitie maana yanakula miaka ya watu wenye vipaji.

"Mpaka niache kazi ndo nitaandika vizuri"

Hili ndo linaumiza wengi. Chukua Matthew Weiner, mwandishi wa TV wa Marekani. Pailoti, yani episodi ya kwanza ya kuonyeshea, ya tamthilia ya Mad Men aliiandika usiku huku ameajiriwa kwenye Becker, komedi ya chaneli ya CBS, hakuna aliyemuagiza. Haikununuliwa. Ila ikamfikia David Chase, mwenye tamthilia ya The Sopranos, akaisoma, akampa jamaa kazi kwenye timu yake ya waandishi. Mad Men yenyewe ikaja kuonekana kwenye chaneli ya AMC Julai 2007, miaka kama saba hivi baada ya kuandikwa. Sasa jiulize, angeacha kazi ili aisubirie, hiyo miaka saba kodi ya nyumba angelipa na nini? Na huku kwetu Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi, mwajiriwa wa serikali ya kikoloni, na alikuwa anaandika. Mshahara ndo unaokupa nguvu ya kusema hapana kwa dili mbovu, kwa hiyo mwenye kazi asijione yuko nyuma ya wenzake.

Ila kazi ina majira yake na lazima uyajue. Kwangu mimi tarehe 7 lazima kodi ya mishahara iwe imeshapelekwa TRA, tarehe 20 ritani ya VAT, kwa hiyo wiki za mwanzo wa mwezi sijidanganyi kwamba nitaandika sini mpya (sini ni tukio moja, sehemu moja), hapo nasoma, narekebisha, naandika vinoti. Kuanzia tarehe 21 ndo naandika hasa. Mwalimu atakuwa na majira yake ya mitihani, nesi ana shifti za usiku, mwenye duka ana Desemba na Ramadhani. Ukilazimisha ratiba ya "kila siku lazima" utaivunja wiki ya kwanza tu, halafu utajiona huna nidhamu wakati tatizo lilikuwa ratiba.

"Nahitaji masaa manne yaliyotulia"

Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu ndo penye siri ya jambo lote. Kuandika skripti sio kazi ya aina moja. Kuna kufikiria sini, kuna kuipanga, kuna kuiandika, kuna kuikata. Kinachohitaji utulivu wa kukaa chini ni kuiandika tu, vingine vyote vinafanyika umesimama kwenye basi la mwendokasi umeshika bomba. Sini ya tamthilia ni kurasa mbili tatu, na ukurasa mmoja uliopangwa kwa fomati yake ni kama dakika moja kwenye skrini, sasa kama umeshaijua sini nzima kabla hujakaa, ukurasa mmoja na nusu unaandikika kati ya watoto kulala na wewe kulala.

Nitoe mfano. Nina sini ya Zuhura, karani wa saccos, kaka yake amekuja kuomba mkopo na anataka dada amdhamini. Rasimu ya kwanza ilikuwa hivi:

KAKA: Zuhura, unajua tangu baba afariki mwaka jana na mimi nikabaki na ile nyumba, mambo yangu hayajawa mazuri, nakuomba unidhamini.
ZUHURA: Kaka, mara ya mwisho nilikudhamini hukulipa na mimi nikakatwa mshahara.

Hao wawili wanaambiana vitu wanavyovijua wote, hakuna ndugu anayeongea na dada yake hivyo, hapo ni mwandishi anamuhutubia mtazamaji. Sasa kwenye daladala ukiwa na simu tu unaweza kujiuliza maswali matatu: huyu anataka nini, nini kinamzuia, na sini ikiisha kitu gani kimebadilika? Ukirudi nyumbani unaandika hivi:

NDANI. SACCOS, DIRISHANI – MCHANA

Kaka amepanga foleni kama wateja wengine. Anafika dirishani, anasukuma fomu chini ya kioo.

KAKA: Za kazi, dada karani.

Zuhura anaisoma fomu. Kwenye nafasi ya mdhamini pana jina lake. Na sahihi yake. Ambayo hakuiweka yeye.

ZUHURA: Umejifunza lini kuandika hivi?
KAKA: Nyuma kuna watu wanasubiri.

Zuhura anachukua mhuri. Hagongi.

Baba aliyefariki na mshahara uliokatwa havijatajwa kabisa lakini mtazamaji anasikia kwamba kuna historia, na sasa Zuhura ana tatizo la kweli, akigonga amehalalisha sahihi ya uongo na asipogonga amemuumbua kaka yake mbele ya foleni. Kazi kubwa ya hiyo sini ilikuwa kugundua ile sahihi, na hilo halihitaji meza wala masaa manne, linahitaji umebeba swali moja mfukoni siku nzima. Ndo maana nawaambia watu wasiwahi kulala bila kujua sini ya kesho inauliza nini, ukiamka na swali tayari kichwa kinafanya kazi wakati unanyoa, unapika chai, unasubiri mtandao wa benki urudi.

"Lazima niwe na episodi zote kabla sijaonyesha mtu"

Hii iko sana kwetu. Mtu ana madaftari ya episodi 26, wengine 52, kaandika miaka mitatu, na ukiisoma ya kwanza inabidi irudiwe kuanzia mwanzo kwa sababu mhusika mkuu hajulikani anataka nini. Hizo nyingine 51 zote zinaanguka nayo! Kwa mtu mwenye kazi na familia hakuna upotevu wa muda mkubwa kama huu.

Kinachotosha ni pailoti moja iliyoiva, ya nusu saa ni kama kurasa 22 hadi 30, ya saa moja ni kama 50 hadi 60, na pembeni yake kadokumenti kafupi: stori kwa sentensi mbili, wahusika wakuu na wanachogombania, sizoni inaanzia wapi inaishia wapi, na episodi chache zijazo kwa aya moja moja. Basi. Msomaji wa prodyuza hana muda wa zaidi ya hapo, na kusema kweli kurasa za mwanzo kabisa ndo zinaamua kama ataendelea. Marekani zamani wengi walikuwa wanajitambulisha kwa kuandika episodi ya tamthilia ambayo tayari ipo hewani, siku hizi pailoti yako mwenyewe ndo inaombwa zaidi kwa sababu inaonyesha sauti yako. Na kwa vile ni kipimo cha mkono wako, isiponunuliwa bado imefanya kazi, kama ile ya Weiner. Chaneli nyingi huku zinafanya kazi na kampuni za uzalishaji, sio na mwandishi mmoja mmoja, kwa hiyo pailoti yako kazi yake ya kwanza ni kumfanya mwenye kampuni aseme huyu namtaka kwenye timu yangu.

Habari ya laptopu na programu za bei tuimalize haraka. Trelby, programu ya kuandikia skripti, ni ya bure. Nyingine, WriterDuet, inakuruhusu skripti za mwanzo bila kulipa. Kuna mfumo unaitwa Fountain, unaandika maandishi ya kawaida kabisa hata kwenye simu halafu programu inayapanga yenyewe kuwa skripti, na fonti inayotumika kwenye skripti, Courier saizi 12, inapatikana bure, inaitwa Courier Prime. Hakuna anayeuliza umeandikia wapi.

"Nyumbani wataelewa tu"

Hawaelewi, na sio kosa lao. Ukikaa na kitabu watu wanaona unasoma, ukikaa na simu unaandika sini ya msiba machozi yanakulenga, mke anaona mume anachati saa nne usiku. Sema mapema. Sema ni kitu gani, siku zipi, mpaka saa ngapi, na siku zisizo zako ziwe za familia kweli, simu iko mezani imelala kifudifudi. Mimi sini nikiimaliza namsomea mke wangu kwa sauti, yeye anaigiza mwanamke mimi mwanaume, na mstari ambao mdomo wake unajikwaa najua ni mbovu. Wala hajawahi kusomea sanaa, ila amekulia nyumba ya wapangaji wengi Temeke na anajua watu wanagombana vipi.

"Wataniibia wazo"

Wazo halina ulinzi wa sheria, hapa wala Kenya. "Mdada anamkuta mumewe ana familia nyingine" sio mali ya mtu. Kinacholindwa ni jinsi ulivyoliandika, zile sini zenyewe, majibizano yenyewe, na ulinzi unaanza pale unapoandika hata kabla hujasajili popote. Kusajili kunakusaidia kwenye ushahidi, Tanzania ofisi ya hakimiliki ni COSOTA chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999, Kenya ni KECOBO chini ya sheria ya 2001. Kwa hiyo anayeogopa kuibiwa ndo ana sababu kubwa zaidi ya kuandika, maana akiwa na stori ya mdomo tu hana kitu cha kulinda. Sajili, tuma kwa barua pepe ili tarehe ibaki, onyesha watu. Na usiandikie kwenye kompyuta ya ofisi, soma mkataba wako wa ajira unasemaje kuhusu kazi za ubunifu, hasa kama umeajiriwa redioni, kwenye TV au wakala wa matangazo.

"Prodyuza akisema niandikie episodi tatu tuone, hiyo ndo nafasi yenyewe"

Hapa nachukia kabisa kwa sababu nimeona vijana wanavyomalizwa. Skripti uliyojiandikia ni yako, muda ni wako, hakuna wa kukuharakisha, unaweza kuionyesha kwa watu kumi. Mtu akikupa wazo lake, wahusika wake na dedilaini yake, hapo umeagizwa kazi, na kazi ya kuagizwa inalipwa. Chama cha waandishi Marekani, WGA, hakiwaruhusu wanachama wake kuandikia kampuni namna hiyo bila malipo. Na kwa wenzetu wa Kenya hili ni zito, sheria yao inasema kazi iliyoagizwa hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza isipokuwa mmekubaliana vingine, kwa hiyo ukiandika kwanza na kuongea baadaye unaweza kukuta umeshaitoa, na hizo usiku zote ulizomnyima mtoto hadithi yake zimekwenda kwa mtu mwingine.

Jibu ni la heshima tu na halina ugomvi. Mkuu, pailoti yangu hii hapa na muhtasari wa sizoni huu hapa, vinatosha kukuonyesha naandika vipi, ukipenda tukae. Mkikaa iandikwe karatasi kabla ya sini ya kwanza: unalipwa kiasi gani na lini, hakimiliki inabaki kwa nani, jina lako linatokea wapi kwenye episodi, marekebisho mangapi yamo ndani ya hela hiyo, na ukishaandika halafu tamthilia isirekodiwe, skripti inarudi kwako au la.